Cécilia Aliyewafundisha Watoto Kuwa Hapa

Wasikilizaji wapendwa wa Kasongo na wa Kabambare, mliokaa na mnaotembea, na wewe uliyefunga redio kwenye usukani wa baiskeli ukipanda kilima, salamu kwenu. Ongezeni sauti kidogo. Aliye na chungu motoni apunguze kuni, maana habari ya leo haimtaki mtu wa kunyanyuka kila mara.

Leo tunamkumbuka Cécilia, binti Lukumani. Cécilia wa kituo cha watoto wenye shida ya viungo, hapa Kasongo. Watu wa kijiji cha Wamaza walimwita Cécilia wa Jumanne, kwa sababu ndiyo siku aliyokuwa akifika kwao. Alikufa Jumapili, wiki tatu zilizopita. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Katika miaka hiyo hamsini na mmoja, wasikilizaji, sidhani alikaa kitini hata miwili.

Na ndiyo ajabu ya mtu huyu. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia watoto watulie. Yeye mwenyewe hakuwahi kutulia.

Turudi nyuma. Cécilia alizaliwa hapa hapa Kasongo. Baba yake, Mzee Lukumani, alikuwa fundi wa baiskeli karibu na soko. Kaka yake, Baba Michel, bado yupo, Mungu amuweke, na ametuambia hivi: "Mama yetu alikuwa anasema huyu mutoto alimeza siafu. Kwa misa, padri anasema tukae, yeye anasikia tutembee. Kwa kula, sahani iko huku, yeye iko kule. Walimu walimupiga mpaka fimbo zikaomba ruhusa."

Baba yake hakumpiga. Alimpa gurudumu. Gurudumu la baiskeli lenye spoki zilizolegea, pamoja na ufunguo mdogo wa kuzikaza. Akamwambia kaza moja, igonge, sikiliza inavyolia, nenda kwa nyingine. Na Cécilia, aliyeshindwa kumaliza misa moja, alikaa na gurudumu lile hadi jua likageuka. Alikuwa na miaka minane. Hakujua kwamba jambo hilo watu wanalisomea.

Yeye alikwenda kulisomea Kinshasa. Kifaransa wanaiita ergothérapie. Neno ni refu, lakini maana yake ni fupi. Mtoto ana mkono mbaya. Daktari anatazama mkono. Mtu wa kazi hii anauliza: mkono huu unataka kufanya nini? Kuvaa shati? Kushika kijiko? Kuandika jina? Kubeba maji bila kuyamwaga? Basi anaanzia hapo. Cécilia aliifanya kazi hiyo miaka ishirini na mbili. Wapo watu wazima wanaofunga vifungo vyao leo kwa sababu yake, na wengine wamesahau, wanadhani walizaliwa wanajua.

Hakuolewa. Wanawake wenzake walipomuuliza, alijibu: "Nani atakaa na miye? Hata miye mwenyewe siwezi kukaa na miye."

Miaka miwili iliyopita alipelekwa Bukavu kwa mafunzo ya wiki tatu. Huko walifundishwa jinsi ya kumsaidia mtoto ambaye mwili wake uko darasani na akili yake imekimbia. Kwenye cheti imeandikwa pleine conscience. Cécilia aliligeuza neno hilo kwa njia yake, akaliita "kuwa hapa". Kuwa hapa, basi. Masikio yako hapa, mikono yako hapa, pumzi yako hapa. Si jana, si kesho.

Katika mafunzo hayo waligawiwa karanga moja moja. Mwalimu akasema waile kwa dakika tano, polepole, waitazame, wainuse, waisikilize inavyovunjika. Wenzake walipokuwa bado wanainusa, Cécilia aliinua mkono na kuomba nyingine. Ndivyo alivyokuwa. Lakini usiku alimwandikia kaka yake: "Michel, hii kitu ni lile gurudumu la baba."

Akarudi na moto wake kichwani. Kila Jumanne alfajiri alipanda pikipiki ya kijana wa usafiri anayeitwa Clovis, wakaenda Wamaza, upande wa Kabambare. Walifika mchana, wakiwa na rangi ya barabara. Alilala huko, akarudi Jumatano. Clovis anasema katika abiria wake wote ni Cécilia peke yake aliyeendesha pikipiki akiwa nyuma. "Anakuonyesha shimo ambalo weye umekwisha kuliona, halafu anakuuliza kama umeliona."

Siku ya kwanza Wamaza walikuwepo watoto kumi na mmoja, katika darasa la shule. Wakristo na Waislamu, wamechanganyika kama wanavyochanganyika shambani. Wengi wao waliwahi kukimbia vijiji vyao wakati wa vita. Kuna asiyelala. Kuna anayeshtuka mlango ukigongwa. Kuna ambaye mikono yake haiwezi kushika kalamu bila kuivunja. Cécilia akawaketisha. Akafanya kama alivyofundishwa. Akasema: "Fungeni macho. Sikilizeni pumzi."

Sasa, wasikilizaji, ni nani kwetu anayefunga macho mchana kweupe mbele ya mwalimu? Watoto Wakristo wakafanya alama ya msalaba na kungoja Amina. Watoto Waislamu wakafungua viganja. Mmoja akauliza kwa heshima: "Mama, tunaomba ya kwetu ao ya kwao?"

Cécilia akacheka. Bado alikuwa anacheka, msichana mmoja akaruka dirishani.

Jina lake Sarah-Grâce. Wakati huo alikuwa na miaka kumi na mmoja. Shikeni jina hilo, Sarah-Grâce, maana habari yetu yote inampitia yeye. Alikuwa mtoto mwenye akili, lakini mikono yake haikulala. Ilichana madaftari, ilichomoa nyuzi za mkeka, ilivunja kalamu. Na miguu ilimnyanyua. Katikati ya hesabu anasimama, anatoka, anakwenda nyumbani kuangalia kama bibi yake yupo. Akimuona, anarudi. Mara tano kwa asubuhi moja.

Siku hiyo hakurudi. Walimtafuta katika mihogo saa mbili nzima. Walimkuta kijitoni, amekaa ndani ya maji, macho wazi kabisa, kana kwamba hapepesi.

Bibi yake alikuja na mchi mkononi. Huyu ni Mama Régina, ambaye mtoto anamwita Koko. Mwanamke mfupi, mdomo mrefu.

"Njo weye uliwambia wafunge macho?"

"Njo miye, mama," Cécilia akasema.

"Ulisoma mpaka wapi?"

"Kinshasa. Na Bukavu."

"Na kote huko hakuna mutu alikuambia kama kuna watoto hawafungake macho?"

Kisha akamwambia, palepale, mchi ukiwa bado mkononi. Siku ya kukimbia, Sarah-Grâce alikuwa na miaka saba. Barabarani kulikuwa na mambo ambayo mtoto hapaswi kuyaona. Mama Régina alivua kitambaa chake cha kichwa, akamfunga mtoto macho, akambeba mgongoni. Mama wa mtoto alifuata nyuma na mizigo. Walipofika pa usalama, Mama Régina akafungua kitambaa. Mtoto akatazama nyuma. Mama yake hakuwepo. Hajaonekana mpaka leo.

"Kwa hiyo yeye anajua," Mama Régina akasema, "ukifunga macho, watu wanapotea."

 Jumatano Cécilia alirudi Kasongo, na Clovis anasema ndiyo safari pekee ambayo hakuonyeshwa shimo hata moja. Nyumbani alizunguka uani kwake mpaka jirani akauliza kama amepoteza kuku. Katika daftari lake, ambalo Baba Michel alitusomea, aliandika mstari mmoja: "Nimemfunga macho mtoto ambaye tayari alifungwa."

Mwingine angeacha. Kusema kweli mwingine angeandika ripoti kwamba watoto wa Wamaza ni wagumu. Cécilia alirudi Jumanne iliyofuata.

Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Régina kuomba msamaha. Mama Régina alikuwa na hasira bado, na alikuwa na muchele wa kuchagua, kwa sababu kesho yake ilikuwa ubatizo wa jirani. Akamsukumia lungo lake la kupepetea, limejaa. "Kama unataka kunisemesha, ngoja. Na kama unangoja, fanya kazi."

Cécilia akakaa chini. Mnajua muchele wetu unavyotoka kinuni, na vijiwe vyake na maganda yake. Huwezi kuuchagua ukiwa umefunga macho. Huwezi kuuchagua ukiwa unawaza safari. Kijiwe kimoja, toa. Ganda moja, toa. Dakika kumi zikapita. Akasikia mtu amekaa kando yake. Sarah-Grâce.  Akaingiza mkono katika lungo na kuanza kuchagua upande wake.

Na ile mikono, wasikilizaji wapendwa, ile mikono iliyochana madaftari, ilikuwa inakwenda taratibu. Kijiwe. Kijiwe. Ganda. Cécilia alipotazama tena, kivuli cha nyumba kilikuwa kimefika miguuni mwao na lungo lilikuwa safi. Mtoto hakuwa amenyanyuka hata mara moja.

"Sarah-Grâce," Cécilia akauliza kwa sauti ndogo, "weye uko wapi sasa?"

Mtoto akamtazama kama anavyotazamwa mtu mwenye homa. "Niko hapa."

Tangu siku hiyo Cécilia hakumwambia tena mtoto yeyote afunge macho. Aliwapa kazi za nyumbani kwao. Kuchagua muchele. Kubambua karanga. Kubeba kikombe kilichojaa maji kutoka mlangoni hadi mlangoni. Kutwanga, na kuvuta pumzi mchi ukipanda, kuitoa ukishuka. Macho wazi. Katikati ya kazi anauliza: unasikia nini? Nyayo zako zinagusa nini? Nani yuko karibu nawe? Mwisho kila mtoto anasema: niko hapa.

Wazazi walilalamika, hilo msidhani halikuwepo. "Sisi tunatuma watoto kwa mama wa Kasongo mwenye cheti, na yeye anawachaguza muchele?" Mama Régina ndiye aliyewajibu, na alijibu kwa kiburi kikubwa, kwa kuwa alijiona mwalimu wa mwalimu. "Cheti alipewa Bukavu. Akili alipewa hapa kwangu, kwa lungo langu."

Kutoka muchele wakaenda kwenye kalamu. Cécilia alikata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, akaviringisha kwenye kalamu ya Sarah-Grâce ili iwe nene, vidole visiibane kwa hasira. Akashona mfuko mdogo wa mchanga, akamwekea mapajani, uzito wake uikumbushe miguu yake kwamba ipo. Herufi moja, pumzi moja. Mwaka wa kwanza ukaisha. Mtoto aliyekuwa akitoka darasani mara tano akawa anatoka mara moja.

Lakini ukaja mwaka wa sita, mwaka wa mtihani. Na hapo ndipo joto lilipopanda.

Mkuu wa shule, mwalimu Atumani, ni mtu mwema, mwenye miwani na hofu. Alimwita Cécilia ofisini. "Dada yangu, siwezi kukudanganya. Kwa examen wanakuja wasimamizi wa mbali. Mutoto akitoka mulangoni, harudi. Njo sheria. Na mambo ya mfuko wa mchanga... wataniuliza kama tunajenga nyumba."

"Muda gani?"

"Asubuhi yote. Muzima. Kwa benchi."

Mama Régina naye alikuwa amekata shauri. Hakuwa mkali, alikuwa amechoka. Akishindwa mtihani, Sarah-Grâce hatarudia darasa. Atakwenda Lusangi, kwa mjomba wake, kuuza beignets, yale maandazi, kwa wachimbaji. Mtoto wa miaka kumi na mitatu, machimboni. Sarah-Grâce alisikia. Usiku huo, Mama Régina anasema, mkeka wa nyumbani ulibaki bila nyuzi upande mmoja.

Basi hesabu ilikuwa wazi. Asubuhi moja kwenye benchi, ama Lusangi.

Cécilia akaanza kumzoesha. Wiki ya kwanza, dakika ishirini, mtoto akanyanyuka akaenda kumuona Koko. Wiki ya tatu, dakika arobaini. Wiki ya tano, ishirini tena, akalia. Cécilia aliyekuwa akifika siku moja kwa wiki akaanza kufika siku mbili. Alikuwa anatembea nyuma ya darasa, anaangalia saa, anakaa, anasimama, anakaa. Siku moja Sarah-Grâce aliweka kalamu chini, akageuka.

"Mama Cécilia. Muguu yako haiko hapa."

Cécilia akatazama. Mguu wake wa kulia ulikuwa unatikisa benchi nzima. Mtoto alikuwa akiandika juu ya tetemeko la ardhi.

"Uniwie radhi," akasema. "Imekwenda Kasongo. Naiita irudi."

Wakacheka wote wawili mpaka mwalimu Atumani akachungulia. Siku hiyo Sarah-Grâce alikaa saa moja na nusu.

Sasa naomba mnisikilize vizuri, maana sehemu hii inaniudhi. Cécilia alikuwa anaumwa kichwa tangu mwezi wa tatu. Muuguzi mwenzake alimpima presha, akamwambia iko juu sana, apumzike, asipande pikipiki. Cécilia akasema ndiyo. Jumanne akapanda. Alimwambia Clovis: "Baada ya examen nitalala wiki nzima, utakuja kunipigia honi niamke." Mtu aliyewafundisha watoto kuusikiliza mwili, mwili wake mwenyewe aliuambia ungoje. Nasi tulimuona akikimbia, tukasema, ah, Cécilia ndivyo alivyo. Hakuna aliyemshika mkono.

Jumapili, siku nne kabla ya mtihani, alikuwa amekaa kizingitini anafunga kamba za viatu aende misa. Baba Michel alimwita. Hakuitika. Alizikwa Jumatatu, hapa Kasongo, Wakristo na Waislamu nyuma ya jeneza.

Na Jumanne, wasikilizaji, Clovis aliamka alfajiri kama kawaida. Hakuna aliyemtuma. Wamaza simu inashika juu ya kilima tu, na habari ilikuwa haijafika. Akapanda pikipiki peke yake. Anasema: "Nilikuwa ninageuka kila mara, nikifikiri ataniambia shimo."

Alifika mchana. Kwa bahati watoto walikuwa kisimani. Mama Régina alikuwa nje, akaona kiti cha nyuma kitupu.  Alikaa chini, kwenye udongo, mikono kichwani. Mwalimu Atumani akaitwa. Wakawa watatu nyuma ya nyumba, wanasema kwa kunong'ona.

Mwalimu Atumani alianza. "Mama Régina, tumufiche mutoto. Siku mbili tu. Tuseme Mama Cécilia iko mugonjwa. Alhamisi akitoka kwa examen, tunamuambia."

"Njo vile," Clovis akasema. "Miye nitasema alishindwa kupanda pikipiki."

 Mama Régina alikuwa anafikiria Lusangi. Alikuwa anafikiria mikono ile, na miaka miwili ya kazi, na siku mbili zilizobaki. Ni siku mbili tu. Nani asingeficha? Nami pia ningeficha, tena ningeongeza chumvi.

Kisha akasema: "Miye njo nilimufunga macho ile siku. Nilifanya kwa mapendo. Alipofungua, mama hakuwepo, na hakuna mutu alimuambia kitu njiani. Mara moja inatosha."

"Atashindwa examen, mama!"

"Basi atashindwa na macho wazi."

Sarah-Grâce alipotoka kisimani na ndoo kichwani, Koko alimtua ndoo kwanza. Akamkalisha. Akamshika mikono yote miwili. Akamwambia kwa maneno machache, kama tunavyowaambia watu wazima. Mama Cécilia amekufa. Jumapili, asubuhi. Alikuwa anavaa viatu. Amezikwa vizuri. Clovis alitia udongo kaburini.

Mtoto alichomoa mikono. Akasimama. Akakimbia katika mihogo.

Clovis alitaka kumfuata. Mama Régina akamshika shati. "Muache." Lakini yeye mwenyewe hakuweza kukaa. Alichukua ufagio, akafagia mahali palipofagiwa. Akaweka maji motoni, akayatoa. Mwalimu Atumani alivua miwani, akaivaa, akaivua. Watu wazima watatu, wanazunguka ua kama kuku. Jua likashuka mpaka kwenye majani ya ndizi.

Mihogo ikatikisika. Sarah-Grâce akatokea, miguu imejaa matope ya kijitoni. Alitazama ua, mtu mmoja mmoja. Clovis. Mwalimu. Koko. Alipofika kwa Koko akasimama.

"Uko hapa?"

"Niko hapa," Mama Régina akasema.

"Basi nitaenda kwa examen."

Alhamisi Clovis aliwabeba wote wawili, Koko na mtoto, saa mbili za barabara hadi kituo cha mtihani. Hakukuwa na mfuko wa mchanga. Kalamu yenye mpira walimruhusu, baada ya msimamizi kuigeuza geuza kama bomu. Mama Régina alikaa nje ya uzio, mahali ambapo mlango unaonekana, akautazama ule mlango asubuhi nzima. Anasema kila mtoto aliyetoka kabla ya wakati alikuwa na uso wa Sarah-Grâce mpaka akaribie.

Ya ndani tumeambiwa na Mama Rosine, mmoja wa wasimamizi, ambaye hakujua habari yoyote ya mtoto huyu. Alituambia: "Kulikuwa na musichana mumoja kwa dirisha. Mara tatu aliweka kalamu chini. Mara ya kwanza nilifikiri anataka kutoka, alikuwa amekwisha kusimama nusu. Akaweka viganja juu ya meza. Akaangalia chumba chote, polepole, mutu kwa mutu, sawa vile anatupokea kwake. Halafu akakaa. Mara ya tatu machozi yalikuwa karibu, niliona. Akaandika tu. Alikuwa wa mwisho kutoa karatasi."

Kengele ikalia. Watoto wakatoka kwa kelele, wengine wanaruka. Sarah-Grâce akatoka akitembea. Alipita uzio, akafika mbele ya bibi yake, akasimama wima kama askari.

"Koko, nimemaliza yote."

"Nimeona, mama yangu."

"Huzuni ilikaa na miye kwa benchi. Ilikuwa nzito. Sikuifukuza." Akampa bibi yake kalamu. "Sasa ninaweza kulia?"

"Lia, mama. Lia mpaka uchoke. Tuko na siku nzima."

Na akalia palepale barabarani, wasikilizaji wapendwa, katikati ya watoto wanaosherehekea. Clovis alizima pikipiki, akageuza uso upande wa mihogo, akasema vumbi limemwingia. Siku hiyo hakukuwa na upepo.

Majibu ya mtihani hayajatoka tunapozungumza. Hatujui kama Sarah-Grâce amefaulu. Tunajua alikaa asubuhi yote kwenye benchi. Na tunajua jambo moja zaidi, kwa kinywa cha Mama Régina mwenyewe, aliyetuomba tulitangaze ili asiweze kulikana: Lusangi haendi. Majibu yakiwa mabaya, atarudia darasa. "Mutoto aliyeweza kukaa ile siku," alisema, "miye nimpeleke kuuza beignets? Nitakuwa mupumbavu, na upumbavu wote nilikwisha kuufanya."

Kwa Baba Michel na jamaa yote ya marehemu Mzee Lukumani, pole zetu zitoke moyoni. Pole kwa wafanyakazi wa kituo, ambao bado wanaacha kiti chake wazi, ingawa hakukikalia. Pole kwa watoto kumi na mmoja wa Wamaza. Pole kwako, Clovis. Mungu ampokee Cécilia, na kama kuna kazi huko, wasimpe yote kwa siku moja.

Nanyi mnaosikiliza. Katika nyumba zenu yupo mtoto asiyetulia. Anavunja, anapanda, anatoka, anarudi. Mnamwita mwenye mapepo, mnamwita mwizi wa amani. Leo jioni, kabla ya fimbo, kaa naye kwenye kazi moja ya mikono. Karanga, maharagwe, chochote. Usimhubirie. Uliza tu anasikia nini, halafu na wewe usikilize. Na kama katika nyumba yako asiyetulia ni mtu mzima, anayeshika kichwa na kusema nitapumzika baada ya hili, baada ya lile, mshike mkono leo. Sisi hatukumshika.

Kipindi hiki bado kina dakika tano. Nilikuwa na mengi ya kuzijaza, mnanijua. Lakini dakika hizo nawapa ninyi. Jenereta haijafa, msipige simu. Mtazameni aliye karibu nanyi, na mimi nitafanya jambo ambalo marehemu mume wangu aliliomba miaka thelathini na moja bila kulipata.

Nanyamaza.